Usije, Mwanangu

Lihanda, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa chumba cha kufulia, nimekalia beseni lililogeuzwa, kwa sababu ukumbini bado kuna wageni wa sherehe ya juzi na mimi sina uso wa kukaa nao.

Mama, sikuweka nadhiri. Juzi, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, wanovisi wenzangu watano walipiga magoti mbele ya altare wakavuliwa shela nyeupe wakavikwa nyeusi. Brigita alilia kwa furaha mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, nashika sauti ya pili. Wiki mbili kabla, Sista Imaculata, mlezi wetu, aliniita akaniambia nyumba yetu ya watawa imeamua niongezewe muda hadi Agosti. Nikamwuliza kosa langu ni lipi. Akasema, "Hujakosa, Aurelia. Ila mwili wako uko Lihanda na moyo wako uko kwenu Lizaboni. Hatuwezi kupokea nadhiri za mwili peke yake."

Amesema kweli, na ndiyo maana inaniuma. Nikiamka nasikia randa ya Baba ikipita kwenye mbao za mninga, kumbe ni mtu anafagia ua. Nakukumbuka wewe hata unavyonigombeza. Najua mlishashona sare, na Baba alishawatangazia kwaya nzima anayoiongoza. Sijui parokia waliwaambiaje kwamba msije.

Je, Mungu ananikataa au ananipima? Nikifunga sanduku nikarudi nyumbani, nitakuwa nimemwasi? Nijibu wewe, maana mimi sijui tena kusikiliza.

Mtoto wenu wa pekee,
Aurelia


Lizaboni, Songea, 18 Februari 2024

Mwanangu Aurelia,

Milele amina, na marahaba. Barua yako imeletwa na gari la parokia nami nimeisoma.

Kwanza, mshukuru Sista Mlezi kwa uangalifu wake. Walezi wanaona tusiyoyaona sisi. Pili, futa machozi. Bwana wetu alishasema kwamba aliyeshika jembe akatazama nyuma hafai. Agosti si mbali. Mahindi yaliyopandwa Desemba hayajakomaa Februari, na sijamwona mkulima anayeyang'oa kwa hasira.

Kuhusu kurudi nyumbani, neno hilo lisionekane tena kwenye karatasi yako. Sisi wazazi wako tumekutoa kwa Mungu kwa moyo mweupe na hatuna upweke wowote. Sare zimo kabatini, hazitaoza. Sali, tii, na ule chakula chako chote.

Msalimie sana Sista Mlezi. Mwambie tunamwombea kila siku kwenye jumuiya.

Mama yako,
Anjelika Mbawala

Na hapa chini ni mimi Baba, kwa penseli ya useremala. Mama yako ameandika kama anahubiri Kwaresima. Usimwogope. Barua yako ameisoma mara nne, maharage yakaungua, tumekula ugali na chumvi. Kwaya haijanicheka isipokuwa Remmy wa besi, na huyo sauti yake inamtosha kuwa adhabu. Pasaka tutaimba sauti nne. Kaa kadiri utakavyoweza, binti. Ukishindwa, mlango wa nyumba hii niliuchonga mwenyewe na sikuuwekea komeo la kukuzuia wewe. Xaveri.


Lihanda, 17 Machi 2024

Mama na Baba,

Shikamooni. Nimecheka peke yangu kanisani kwa sababu ya Remmy, na Sista Imaculata akanitazama. Baba, maneno yako yamenishikilia wiki mbili nzima. Naishi kwa hayo.

Mama, nimekusikia. Sijaandika lile neno. Nimepewa kazi ya kulisha nguruwe, na kwa kuwa hawajui nadhiri zangu zimeahirishwa, tunaelewana vizuri. Wenzangu wenye shela nyeusi wananionea huruma, nami huruma yao siipendi. Nasali, ila mara nyingi nikifumba macho naona uwanja wetu na nyie mmekaa mlangoni.

Pasaka njema. Baba, uniandikie wimbo wa Alfajiri ulikwendaje. Andika mwenyewe, si kwa mkono wa Mama.

Aurelia


Lizaboni, 21 Aprili 2024

Mwanangu Aurelia,

Kristo amefufuka. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Pasaka ilikuwa njema, kanisa lilijaa mpaka nje. Kwaya iliimba vizuri, Remmy aliongoza. Mvua zimekuwa nyingi na barabara ya kwetu imekatika pale kwenye daraja dogo.

Baba yako anakusalimu. Anasema uwe mtiifu kwa wakubwa wako. Hakuandika kwa sababu mikono yake ina kazi.

Hapa nyumbani hakuna shida yoyote. Nalirudia hilo ili uwe na amani na walezi wako wawe na amani. Familia yako haihitaji kitu kutoka kwako isipokuwa sala. Msalimie Sista Mlezi kwa heshima.

Mama yako,
Anjelika Mbawala


Lihanda, 12 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikaigeuza nyuma kutafuta penseli ya Baba. Haikuwepo.

Remmy aliongozaje kwaya Pasaka wakati Baba yupo? Na Baba hajawahi kuniambia "uwe mtiifu" tangu nizaliwe. Hayo ni maneno yako. Kwa hiyo nimeelewa: Baba amekasirika. Nimemwaibisha mbele ya watu wake, sasa hataki hata kuniandikia mstari mmoja. Nimeanza kufunga Jumatano na Ijumaa ili Mungu amlainishe.

Mama, nimechoka. Sikusudii kuasi, nimechoka tu. Juzi Sista Imaculata ameniuliza mwenyewe kama ningependa kwenda nyumbani siku chache kuwaona. Nikamwambia nitamwuliza mama yangu kwanza. Sasa nakuuliza. Nataka kumpigia Baba magoti anisamehe, na nataka kulala hata mara moja kwenye chumba changu. Ukisema njoo, nakuja kesho yake. Nakuomba useme.

Aurelia


Lizaboni, 19 Mei 2024

Aurelia,

Usije, mwanangu.

Ukiulizwa kama unataka kwenda nyumbani, hilo ni jaribio. Jibu hapana. Baba yako hana hasira na wewe. Acha kufunga, utaugua.

Mama yako


Lizaboni, 9 Juni 2024

Kwa Dada Aurelia,

Salaam. Mimi ni Abdulatifu, jirani yenu mwenye bajaji, wa geti la bati la bluu. Nimetoka kwa wazee wangu Nalasi kupulizia mikorosho dawa ya salfa, nikaona si vizuri nirudi bila kukutumia korosho kilo mbili. Kondakta wa basi la Mbinga ni jamaa yangu, ameahidi kuzifikisha hadi getini kwenu.

Mzee anaendelea, Alhamdulillahi. Tangu lile jambo la Ijumaa Kuu mkono wa kulia bado haujarudi, na ulimi nao bado haujafunguka, lakini mguu umeanza kukanyaga. Jumanne na Alhamisi nampeleka hospitali kwenye mazoezi, Mama anamshika kiuno, mimi mabega. Mama amekonda, dada. Ukimwambia apumzike anakugeuzia mgongo. Watu wa jumuiya wakija kumsaidia anawaambia hakuna shida.

Kila tukirudi, Mzee ananishika mkono ananionyesha picha yako ukutani, ile ya kipaimara. Jana nikamwuliza, "Mzee, nimwandikie?" Akanibana vidole mpaka nikasema basi, basi, naandika.

Mama alishatueleza majirani kwamba sheria za huko hazikuruhusu kuja. Subira, dada yangu, Mola hamtupi mja wake. Lakini ikipatikana ruhusa hata ya siku moja, usiiache. Tutakuombea dua siku ya Idi.

Nduguyo,
Abdulatifu Muhsini


Lihanda, 12 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Baba amepooza tangu Ijumaa Kuu, na mimi nimejua leo, kwa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa korosho.

Uliniandikia kwamba anasema niwe mtiifu. Hana ulimi wa kusema, ukamsemea. Uliniandikia mikono yake ina kazi. Nilikaa hapa nikifunga ili Mungu amwondolee hasira mtu ambaye hawezi hata kushika kijiko! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ulitaka kifo ndicho kije kuniambia?

Nimemwendea Sista Imaculata nikilia, nikamrushia barua zako zote mezani nikamwambia, "Si ulizisoma? Mbona hukuona?" Akashangaa. Mama, hakuwahi kuziona. Hapa hakuna anayefungua barua za mtu. Zinanifikia na gundi yake. Alizisoma leo kwa mara ya kwanza, moja baada ya nyingine, na zile salamu zako zote kwa Sista Mlezi, akavua miwani akaniuliza, "Mama yako anamwandikia nani?"

Na mimi nakuuliza hivyo hivyo. Nilikuwa naandika kwa mama yangu, nikajibiwa na mtu ambaye hanitaki nyumbani.

Nimepewa ruhusa ya siku kumi na nne. Nitapanda basi Jumatatu tarehe 24. Uniite usiniite, nakuja.

Aurelia


Lizaboni, 17 Juni 2024

Mwanangu,

Leo ni Idi. Abdulatifu ametuletea pilau, amekaa mlangoni anaogopa kunitazama. Nimemwambia aingie ale, hajakosa kitu. Aliyekosa ni mimi.

Unauliza nilikuwa namwandikia nani. Nitakuambia jambo ambalo hata baba yako halijui lote. Mwaka 1989, nikiwa na miaka kumi na saba, nilikuwa aspiranti, hatua ya kwanza ya utawa, hapo hapo Lihanda. Usishangae. Nililala bweni la juu, kitanda cha pili kutoka dirishani. Wakati ule barua zetu zilisomwa kwanza na Sista Mlezi, ndipo tunapewa. Siku moja nikiwa nafua akaja ameshika barua iliyofunguliwa. Akasema, "Anjelika, mama yako anaumwa sana. Funga sanduku lako uende." Basi. Hakuniambia nirudi. Nikapanda lori la tumbaku hadi kwetu Namtumbo, nikijua kwamba Mungu amenirudisha kama mtu anavyorudisha debe la mahindi yaliyobunguliwa, na kitanda changu kimeshapata mwenyewe kabla sijafika.

Mama yangu aliumwa miaka miwili, nikamwuguza mpaka nikamzika. Sikurudi Lihanda kuuliza. Mtu aliyefukuzwa anarudi kuuliza nini? Kisha nikaolewa na baba yako, mtu mwema, anayenichekesha hadi leo kwa macho tu. Lakini kila ninapomwona sista barabarani moyo wangu unasimama kidogo.

Uliposema unataka utawa nilimwambia Mungu: huyu usimrudishe. Baba yako alipoanguka pale kanisani, kabla hata hatujamfikisha hospitali, nilishaiona ile barua mkononi mwa Sista Mlezi na wewe ukifunga sanduku. Ndiyo maana nikaandika vile. Nilimwandikia yeye, Aurelia. Kila sentensi niliipima kwa macho yake. Na ulipouliza uje, nilishika kalamu nikaandika "njoo" kwenye karatasi tatu, nikazichana zote.

Majirani nao niliwadanganya, nikasingizia sheria. Nilidhani huo ndio utii: kumnyima mtu anayelia ili Mungu afurahi. Juzi nimeungama kwa Padre Egidi. Akaniuliza, "Nani alikutuma?"

Sasa naandika kwa binti yangu. Nakutaka nyumbani. Nimekutaka tangu siku uliyoondoka. Nikimgeuza baba yako kitandani nakuita jina lako uje ushike upande wa pili, halafu nakumbuka. Njoo.

Mama


Lihanda, 14 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama, miguu imevimba kidogo kwa safari. Bado mikono yangu ina harufu ya ile dawa ya kumchua Baba.

Zamu za jumuiya zinaendelea? Mama Jovina wa Jumatatu, Aidani na mkewe wa Jumatano? Usiwafukuze tena na lile neno lako la "hakuna shida". Baba alipobebwa na Aidani hadi uani alifurahi kweli, tulimwona wote.

Ile Jumapili ya mwisho inanirudia kila saa. Nilikuwa nakunja nguo, nikageuka nikakukuta umelikalia sanduku langu, mtu mzima, umeshika kingo zake kwa mikono miwili. Ukasema, "Baki." Mwaka huu wote nilitamani neno hilo. Na lilipokuja nikasema nitafikiri nikiwa Lihanda. Ukasimama ukanibebea sanduku hadi kwenye bajaji. Nilimwona Abdulatifu akijifanya anasafisha kioo.

Kuna jambo. Nilimsimulia Sista Imaculata habari zako za 1989. Baada ya siku mbili akaniita stoo, kwenye kabati la vitabu vya zamani vya nyumba, akafungua kimoja akaniachia nisome peke yangu. Nimekunakilia kama palivyoandikwa:

"Machi 1989. Anjelika Mbawala amekwenda Namtumbo kumwuguza mama yake. Kitanda chake kisipewe mtu."

"Januari 1990. Anjelika hajarudi. Hatuna habari. Kitanda kingali chake."

"Juni 1992. Tumesikia Anjelika amefunga ndoa. Mungu awabariki. Kitanda apewe mwingine."

Mama, hawakukufukuza. Walikungoja miaka mitatu. Yule Sista alidhani unajua kwamba utarudi, na wewe ulidhani unajua kwamba hutakiwi, na hakuna kati yenu aliyeuliza. Ulikwenda kumwuguza mama yako kwa sababu ulitumwa, ukafanya ulichotumwa hadi mwisho. Sijui utii mwingine ulio mkubwa kuliko huo.

Sasa la kwangu. Nimekaa kanisani siku sita, nikingoja kusikia nyumbani kukiniita kama zamani. Kunaniita bado, kunauma bado. Lakini nilikuwa huko, nilimwosha Baba, nililala chumbani kwangu, na asubuhi ya tatu nilijikuta naamka saa ya sala bila kengele, nakaa kitandani, naikumbuka Lihanda. Hilo sikukuambia. Nilikuonea huruma.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa, nitaweka nadhiri. Sista Imaculata amekubali, na hakuniuliza tena moyo wangu uko wapi. Mama, mwaka huu wote nimekaa hapa kwa kukutii wewe. Wewe umesema baki, na mimi sibaki. Nisamehe. Ni mara ya kwanza nakuasi, na ni mara ya kwanza najua kwa hakika ninayemtii.

Binti yako,
Aurelia


Lizaboni, 21 Julai 2024

Mwanangu Aurelia,

Marahaba. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena kwa sauti ili na baba yako asikie. Nilipofika kwenye kile kitabu nikaacha kusoma. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaishika karatasi, akaniwekea kifuani kwangu akaikandamiza hapo. Sasa analijua lote.

Miaka mitatu! Nilipita Mbinga, jirani na hapo, mara mbili katika miaka hiyo, kwenda msibani, nikafunika uso wangu kwa khanga nisionekane na masista. Kitanda kinaningoja, na mimi najificha.

Nataka nikuambie kweli. Kama ningejua, ningerudi mbio, hata kwa miguu. Ningekuwa sista mzee sasa hivi, pengine mimi ndiye ningekuwa mlezi, na mkali kweli. Nimejaribu kusikitika kwa ajili ya huyo sista. Nilikaa jikoni nikamlilia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba katika maisha yake wewe haumo, na Xaveri ni mume wa mtu mwingine, nikanawa uso nikaenda kumpa chai.

Zamu zinaendelea. Mama Jovina anaongea sana, ila mgongo wangu umepona. Agosti 15 tunakuja. Abdulatifu ameazima gari kwa rafiki yake Leonce, wataondoa kiti cha mbele ili baba yako anyooshe mguu. Sare nimezipunguza, zote zimekuwa kubwa. Padre Egidi amesema wazazi ndio wanaomsindikiza binti hadi altare. Tutatembea polepole, na watu wangoje.

Unaniomba nikusamehe kwa kuniasi. Sikusamehe, maana hujakosa, na vilevile sitajifanya tena kwamba siumii. Nikianza tena kukuandikia kwamba hatuna upweke, ujue ninadanganya. Chumba chako nakifagia kila Jumamosi. Nakutaka nyumbani leo, nitakutaka na hiyo siku ya nadhiri, nitakapokushika mkono kukupeleka mbele. Kila asubuhi nitamwambia Mungu hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila kuyapamba. Yeye anisikilize. Wewe, mwanangu, usinitii.

Mama yako,
Anjelika